Alikufa Shambani, Akafufuka Mjini

Watoto wangu wanasema mimi ni mkorofi wa filamu. Wakiniletea filamu iliyotokana na kitabu nilichowahi kusoma, nina swali moja tu: mwisho ni uleule? Wakisema hawajui, natafuta kazi jikoni hata kama vyombo vimekwisha oshwa. Wanacheka. Wanadhani ni majivuno ya wasomaji, wale ambao hawawezi kutazama picha dakika kumi bila kukwambia kwamba kitabu kilikuwa kizuri zaidi. Waache wadhani hivyo. Ninachokikimbia mimi ni aibu, na aibu yangu haizeeki. Mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa. Waliokulia Ifakara miaka ya tisini wanajua uzito wa neno hilo. Majina yalibandikwa ukutani nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nikatafuta langu, nikatafuta tena nikidhani macho yameruka mstari, halafu nikaondoka nikitazama chini huku wenzangu wakikumbatiana. Mimi niliyekuwa nikisifiwa kwamba nina kichwa, nikawa mtu wa kupita njia za uani ili nisikutane na watu wa kunipa pole. Pole zao zilinichoma kuliko kufeli kwenyewe.

Mwalimu wangu wa Kiswahili alinifuata nyumbani. Hakunipa pole, na kwa hilo namshukuru. Alinipa kitabu cha hadithi, riwaya ya watoto ya Ulaya ya zamani iliyofasiriwa kwa Kiswahili, jalada lake limeshonwa kwa uzi mweusi. "Soma," alisema, "usije ukasahau kusoma." Nilikipokea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa, lakini moyoni nilikasirika. Nilijiona mkubwa mno kwa hadithi za watoto.

Msimu wa mpunga ulipofika sikuwa na shule ya kujitetea nayo, nikapelekwa upande wa Idete nikakae na bibi, mama yake baba, tuamie ndege. Asiyejua kazi hiyo aelewe kwamba mpunga ukianza kujaa maziwa, ndege huja makundi kwa makundi kama wamealikwa, na shamba lisilo na mtu huvunwa kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo unajengewa dungu, kijukwaa cha miti kirefu kuliko mpunga, na kibanda cha nyasi juu yake, unakaa humo tangu alfajiri mpaka jua lizame. Zipo kamba zenye makopo za kuvuta, lipo kombeo la kurushia mabonge ya udongo, na ipo sauti yako. Katikati ya kundi moja na lingine hakuna kazi nyingine isipokuwa kungoja.

Siku ya pili nilikifungua kile kitabu. Siku ya tatu nilikuwa nakisoma kwa sauti, kwa sababu bibi alichoka kuniona nacheka peke yangu.

"Mke mwenzangu," aliniambia, "chakula cha wawili hakiliwi na mmoja."

Ndivyo alivyoniita siku zote. Ni utani wa bibi na mjukuu wa kike, kila mtu anaujua: mume wa bibi ni mume wangu, na sisi tunamgombania. Tofauti ni kwamba mume wetu sisi hakuwapo. Babu alipanda treni kwenda Uchindile kupasua mbao kabla sijazaliwa, akasema atarudi mpunga ukiiva. Mpunga uliiva miaka na miaka. Baba yangu alikwenda kumtafuta mara mbili. Huko wakamwambia alikwisha hama, wengine wakasema alielekea Makambako, wengine hawakumkumbuka kabisa. Ndugu wakamshauri bibi waweke msiba, wamwombee, maisha yaendelee. Bibi aliwajibu jibu moja kila mwaka. "Nani kaniletea habari kwamba amekufa?" Novemba ilipofika na watu kupeleka kanisani majina ya marehemu wao, yeye alipeleka ya wazazi wake na ya watoto aliowazika. La babu hakulipeleka.

Basi nikasoma. Kitabu kilihusu fundi saa mmoja mzee na msichana yatima aliyemwokota sokoni. Walikuwa na punda na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kengele kubwa ya kanisa la kijiji cha milimani, iliyopasuka, ambayo mzee aliitengeneza na sasa anairudisha mwenyewe kabla ya Krismasi. Ni hayo tu, njia na theluji na watu wanaowafungia milango. Lakini sijui niseme nini juu ya utamu wake. Yule punda alikuwa mkaidi kuliko baba yangu. Yule yatima alikuwa na mdomo, anajibizana na mabwana wakubwa, nami niliyekuwa nikipita njia za uani nikawa namsomea kwa sauti ya juu kabisa, makusudi, ili mashamba yote yasikie.

Na yalisikia. Jirani yetu wa kwanza alikuwa mama wa Kisukuma, aliyefika bondeni na mumewe na ng'ombe wao miaka michache nyuma. Alihamisha dungu lake likasogea mpakani kwetu. Alikuwa hodari wa kombeo. Aliweza kurusha bonge bila kuondoa sikio kwenye hadithi. Kina mama wengine walikuja mchana ndege wakipumzika. Waliuliza maswali ambayo mwandishi hakuyafikiria.

"Hiyo theluji inaotesha mpunga?" bibi aliuliza.

"Haioteshi kitu, bibi. Ni baridi tupu."

"Sasa wanakaa huko kufanya nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu majina yabandikwe, nilikuwa mtu. Watu walinisalimu kwa furaha, wakaniuliza kesho tutasoma saa ngapi. Nilijivuna, sitaficha.

Tulipofika kwenye kifo, mimi mwenyewe sikujua kinakuja. Wamebakiza kilima kimoja tu. Usiku theluji inaanguka, mzee anamvika yatima koti lake, anamwambia asikilize jinsi kengele inavyovuma yenyewe upepo ukiipiga, na asubuhi haamki. Yatima anamwita, punda anamnusa. Nilisoma mistari ile mpaka mwisho. Nilipoinua macho, bibi alikuwa anashuka dungu.

Alishuka polepole, akakaa chini kwenye kijaruba, akafungua kilemba chake, akalia. Si kulia kwa hadithi. Alilia kilio kile cha msibani, kinachopanda na kushuka na kutaja. "Umelala wapi, baba wee? Nani alikufunika? Nani alikufumba macho?" Watu wakaja mbio wakiuliza nani amekufa. Mimi, na kitabu mkononi, nikasema, "Fundi saa." Hakuna aliyecheka. Mama wa Kisukuma alimtazama bibi, akateremka, akakaa naye chini. "Lia, mayu," alimwambia, mayu ndiyo mama kwao. "Lia." Wengine nao wakakaa. Wote walijua analiliwa nani, na hakuna aliyemtaja. Ndege walikula mchana ule mpaka wakashindwa kuruka.

Jumapili yake bibi alitembea mpaka Ifakara mjini, akaenda kwa katekista, akatoa jina la babu aombewe kwenye misa ya marehemu. Akanyolewa nywele kama mjane. Ndugu walikuja, tukapika, tukamaliza msiba uliokaa miaka yote ile kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Baba, ambaye siku chache nyuma alitaka kukitia kile kitabu motoni kwa ajili ya mpunga ulioliwa, aliniambia, "Umetusaidia." Bibi alilala vizuri. Aliacha kuinua kichwa kila treni ilipopiga honi. Kwangu mimi hilo lilikuwa kubwa kuliko sekondari. Nilidhani nimelifanya mimi.

Tulivuna, tukarudi mjini pamoja na bibi. Na ndipo siku moja, nikipita sokoni, nikaona kwenye banda la video, pale walipobandika makaratasi ya picha za siku hiyo, mzee, msichana, punda, na kengele juu ya mkokoteni.

Sikutaka hata kusoma maandishi. Nilikimbia nyumbani kama niliyepata habari za ndugu. Nilimwambia bibi, na bibi akasema yeye mambo ya video hayajui, ni ya vijana wavuta sigara. Nilimbembeleza. Nilimwambia atamwona punda. Nilimwambia atayaona yote tuliyoyasoma. Neno hilo ndilo linalonirudia: nilimwahidi atayaona yote. Nikawapitia pia kina mama wa mashambani waliokuwa wamesharudi mjini, na mama wa Kisukuma, aliyekuja sokoni kuuza maziwa, akaacha vibuyu vyake kwa mwenzake akatufuata.

Banda lilikuwa la mabati na mabenchi, jenereta linanguruma nyuma, deki na televisheni vimefungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kitasa. Vijana walizoea picha za karate na za Kihindi. Siku ile walikuja kwa kukosa la kufanya, wakatushangaa sisi na khanga zetu. Picha ilikuwa ya Kiingereza. Mwenye banda akauliza kama yuko anayeelewa. Nikasimama.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, yaani hakikuwapo. Lakini kisa nilikijua kwa moyo, kwa hiyo nilisimama kando ya televisheni na kuwaeleza watu kila jambo dakika moja kabla halijatokea. "Sasa watafungiwa mlango." Wanafungiwa. "Sasa punda atagoma." Anagoma, banda zima linacheka. Vijana walianza kunipigia makofi. Mmoja aliyenifahamu alisema kwa sauti, "Na huyu ndiye hakuchaguliwa?" nami nikahisi kama mtu amenisafisha uso kwa maji ya baridi.

Ikafika theluji. Koti likavuliwa, yatima akavikwa. Nikashusha sauti kama niliyeko kanisani. Nikasema, "Hapa ndipo mzee anapokufa. Asubuhi haamki."

Asubuhi ikafika kwenye picha. Yatima anamwita. Punda anamnusa. Muziki. Na mzee akafumbua macho.

Akafumbua macho, akapiga chafya, akaulizia kifungua kinywa. Wakapanda kilima pamoja, wakapiga kengele pamoja, watu wa kijiji wakamnyanyua juu kwa juu.

Banda lililipuka. Vijana walicheka mpaka wakaangukiana. "Mkalimani, unamzika mtu hai!" "Huyu mchawi!" Mwenye banda naye anacheka, anajifuta machozi. Nilisimama pale kando ya sanduku sina pa kuweka mikono. Nilitaka kuwaambia kwamba kitabuni amekufa, nimesoma mwenyewe, mashahidi hawa hapa. Lakini nani angebishana na kilichoonekana? Nikawatafuta mashahidi wangu kwa macho, nikamwona bibi amesimama katikati ya mabenchi, khanga imemshuka begani, mikono juu.

"Hakufa!" alisema. "Kumbe hakufa!"

Wakamcheka na yeye. Nami, Mungu anisamehe, wakati ule niliona aibu yake zaidi kuliko yangu.

Njiani alitembea upesi kuliko mimi. Mama wa Kisukuma alinitazama mara moja tu, kisha akaaga akafuata vibuyu vyake.

"Bibi," nikasema, "ile ni michezo tu. Wale ni watu wanaigiza."

"Najua."

"Kitabuni alikufa."

"Kitabu kaandika mtu aliyekaa nyumbani kwake," alisema. "Hii tumeiona kwa macho."

"Lakini bibi, ni uongo."

Akasimama. "Na kile ulichonisomea kilikuwa kweli?"

Akaendelea na njia, nami nikamfuata. Vitabu vyote nilivyosoma baadaye nimevisoma na swali hilo.

Jumapili iliyofuata alinichukua mpaka kwa katekista. Watu walikuwa wametoka misa, wamesimama uani kwa makundi, na wengi walikwisha sikia habari za bandani, kwa kuwa Ifakara ile habari haikuhitaji redio. Bibi alisalimu Tumsifu Yesu Kristo, akajibiwa milele amina, akasema shida yake bila kuteremsha sauti. Ile misa ya mume wake irudishwe.

"Misa hairudishwi, bibi," katekista alisema taratibu. "Kwani umepata habari zake?"

"Sijapata. Lakini sikupata pia habari za kufa kwake, na mlipokea."

"Sala ya marehemu haimdhuru aliye hai."

"Mimi inanidhuru," bibi alisema.

Katekista akanigeukia mimi. Aliniuliza kwa upole kabisa tumeona nini. Watu wote walinigeukia. "Tumeona video," nikasema, na kicheko kikapita uani, kile cha watu waliovaa nguo za kanisani, cha kufunika mdomo kwa kiganja. Bibi hakutikisika. Alimwambia katekista basi Novemba wasilitaje jina lile, akaaga, akanishika mkono kama mimi ndiye mzee.

Tangu siku hiyo alinituma stesheni. Kila siku ya treni ya kutoka juu, upande wa Mlimba na Uchindile, nilipaswa kwenda kuitazama. Baba alinung'unika, halafu akaacha. Ni mama yake.

"Bibi, mimi simjui. Nitamtambuaje?"

"Mrefu. Bega la kushoto limeinama kwa kubeba msumeno. Na usihangaike na daraja la kwanza, mume wetu hawezi kupanda huko."

Nilikwenda. Nilikwenda kwa chuki, nakiri, nikisimama nyuma ya wauza ndizi ili nisionekane. Treni ilichelewa kila mara, na kungoja kitu kilichochelewa, ukimngojea mtu asiyekuja, ni kazi ya kumfanya mtu ajichukie. Watu walikwisha nijua. "Mume hajafika?" wauza ndizi waliniuliza. Nilirudi nyumbani, nikasema "hajaja," bibi akasema "haya," na kila mmoja akaendelea na shughuli zake. Moyoni nilimwita mjinga. Nilimwita hivyo mimi niliyemsomea, mimi niliyempeleka bandani, na kila nilipomwita hivyo niliona haya upya.

Mwanzoni mwa Desemba shule zilifungwa. Treni ya siku hiyo ilijaa wanafunzi wa bweni wanaotoka Mbeya na Iringa, na kati yao walikuwa wenzangu wa darasa la saba, wale waliokumbatiana siku ile. Sketi za sekondari, masanduku ya bati yenye majina. Nikajibanza zaidi. Ndipo akashuka.

Alishuka behewa la nyuma, mrefu, bega la kushoto limeinama, mkononi kifurushi kimefungwa kwa kamba. Alisimama akatazama mbele na nyuma kama mtu asiyejua mji umehamia wapi. Sijui nini kilinipata. Mimi niliyejua kwamba yale ni maigizo, mimi niliyemwambia bibi ni uongo, nilitoka nyuma ya ndizi mbio, nikapita katikati ya wenzangu bila kuwaona, nikapiga goti chini kwenye kokoto.

"Shikamoo, babu," nikasema. "Bibi yuko nyumbani. Anakungoja."

Akainama kunitazama. Nyuma yangu nilisikia mtu akitaja jina langu, kisha kicheko.

"Marahaba, mjukuu," alisema. "Mimi si wa hapa. Nimekuja kwa mwanangu." Akaweka kifurushi chini ili aniinue. "Pole, mama. Pole sana."

Hiyo pole ndiyo iliyonimaliza. Nililia pale stesheni mbele ya waliochaguliwa na wasiochaguliwa, nililia kama bibi alivyolia kwenye kijaruba, na sikuweza kujizuia. Yule mzee alisimama nami mpaka mwanawe alipomfikia.

Nilifika nyumbani macho yamevimba. Bibi alikuwa anapepeta mchele uani. Hakuniuliza kama amekuja. Aliweka ungo chini.

"Ulidhani ni yeye," alisema.

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mimi nikienda," alisema, "kila mzee anayeshuka ni yeye. Kila mmoja. Ndiyo maana nikakutuma wewe, usiyemjua."

Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta. Siku ya treni iliyofuata nilikwenda bila kutumwa, na sikusimama nyuma ya mtu.